Wekundu Usioonekana

Mnaosomea uuguzi, leo tuangalie inflamesheni, yaani namna mwili unavyojitetea unapoumia au kuingiwa na vijidudu. Dalili zake 4 ziliandikwa na Celsus wa Roma karibu miaka 2,000 iliyopita: wekundu, joto, uvimbe na maumivu.

Seli za mahali palipoumia hutoa kemikali kama histamini. Mishipa midogo hutanuka na damu huongezeka: hapo pana wekundu na joto. Kuta za mishipa huvujisha majimaji, pakavimba. Uvimbe na kemikali huchokoza neva, pakauma.

Sasa, kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujificha. Pengine utaona weusi uliozidi au rangi ya zambarau. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kuambiwa mshono wake ni mzima, kumbe unaanza kuoza.

Kwa hiyo gusa kwa mgongo wa mkono, ulinganishe joto na ngozi ya mbali kidogo. Angalia uvimbe, ugumu na usaha. Muulize maumivu. Siku za mwanzo dalili hizi, isipokuwa usaha, ni za kawaida. Zikizidi badala ya kupungua, ukiona usaha, au homa ikipanda, mwite daktari siku hiyohiyo.