Hewa ya kiwanda si kazi ya upepo peke yake



Kila mutu wa Lubumbashi anajua ile shemine ndefu ya metre 153, pembeni ya kilima cheusi. Shaba ya kwanza iliyeyushwa mu mji ule mwaka 1911. Shemine inatufundisha jambo moja: hewa ya moto ni nyepesi, inapanda, na ikipanda inavuta hewa baridi nyuma yake.

Ni vile hata jengo la kiwanda linaweza kupumua bila mashini. Unaacha matundu chini ya ukuta, unaacha nafasi ndefu juu ku mugongo wa toli, na moto wa tanuru njo unafanya kazi. Haiombe kura, haiombe mafuta. Pahali penye moto mwingi, njia hii ni nzuri sana. Anayesema ni mambo ya zamani anajidanganya.

Lakini matundu ya chini na ya juu yanafanya kazi pamoja. Mvua ikianza, tunafunika ya juu kusudi maji isinyeshee mashini. Kiangazi, tunafunga ya chini juu ya vumbi. Ukifunga moja, umefunga yote.

Tena kuna sumu ambayo haipande. Gazi ya kiberiti, ile inayochoma koo, ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili. Ikipoa inatelemuka na kukaa mu mashimo. Mu nyumba ya elektrolize, mapovu yanapasuka juu ya mabeseni na kutupa asidi hewani. Na moshi wa grupu una monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi: mutu anaanguka bila kujua. Hapo lazima vantilatere na mabomba ya kuvuta sumu pale pale inapotokea, mbele ya kufika ku pua ya mutu.

Wakubwa wengine wanasema: tumeweka vantilatere, maneno imekwisha. Sisi tunauliza: na kura ikikatika? Hapa kwetu si habari mpya. Vantilatere zinasimama, grupu linawaka, pampu zinapewa kura kwanza. Mutu anayebaki ndani anapumua nini?

Hatuchague upande sawa watu wa mpira. Tunasema: moto utoke kwa matundu, sumu itoke kwa mashini, na mashini ile ifungwe ku grupu sawa vile pampu. Ikisimama, kengele ilie na watu watoke. Grupu lenyewe lisikae mu nyumba iliyofungwa. Moshi wake upite mu bomba mpaka inje, juu ya toli, mbali na pale hewa inaingilia.

Code du travail ya 2002 inaomba komite ya usalama na usafi mu kazi. Basi delege wetu wasiende mu mikutano kunywa limonade tu. Waulize maulizo matatu: Matundu ya toli yako wazi? Nani alipima gazi, na lini? Kura ikikatika, vantilatere inakamatia wapi nguvu?

Na mama ku nyumba, unaweza kusaidia. Baba akirudi na kichwa kinauma kila akitumika usiku, na siku za konje kinapoa, usikimbilie kusema ni pombe. Andika tarehe, andika posti, andika kama kura ilikatika. Karatasi ile apeleke kwa munganga na kwa delege. Mutu mumoja akilalamika, watasema ni muvivu. Karatasi za nyumba kumi zikisema mambo mamoja, watapanda juu ya toli kuangalia.

Kompani inapima kila kilo ya shaba inayotoka ku mulango. Ipime vilevile hewa ya wale wanaoitoa.