Babu katolewa mtoto wa jicho, mbona bado anataka miwani?

Mzee amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kitambaa kimetolewa, na sasa anamtambua mgeni akiwa bado getini. Furaha tele. Lakini akishika simu asome ujumbe, anaisogeza mbali, anairudisha karibu, mwisho anamwita mjukuu amsomee. Ndugu wanaanza kunong'onezana kwamba daktari ameharibu.

Mara nyingi daktari hajaharibu chochote. Lenzi aliyowekewa mzee inaona umbali mmoja tu. Kazi ya kujirekebisha, ambayo lenzi ya kuzaliwa nayo huifanya bila sisi kujua, haiiwezi.

Jicho linavyojirekebisha

Nyuma ya mboni kuna lenzi ndogo angavu iliyokaa ndani ya kifuko chembamba. Kifuko hicho kimeshikiliwa na nyuzi zilizounganishwa na msuli wa mduara kama pete. Ukitazama mbali, msuli hulegea, nyuzi hukazika na lenzi huwa bapa. Ukitazama karibu, msuli hujikaza, nyuzi hulegea na lenzi hutuna. Mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alilieleza jambo hili mwaka 1855.

Lenzi ya mtoto ni laini, ndiyo maana anasoma kitabu kikiwa karibu kugusa pua. Kadiri miaka inavyokwenda lenzi hukakamaa. Kuanzia miaka ya 40 hivi, wengi wetu huanza kunyoosha mkono ili maandishi yasomeke.

Lenzi ya plastiki

Mtoto wa jicho ni lenzi hiyo ikiwa imeingia ukungu. Daktari huiondoa, huacha kifuko chake, na ndani yake huweka lenzi ya bandia. Wa kwanza kuweka lenzi ya namna hiyo alikuwa Harold Ridley, katika Hospitali ya St Thomas' jijini London, Novemba 1949. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege, vilivyoingia machoni mwa marubani wakati wa Vita Kuu ya Pili, havikuwaletea shida kubwa.

Hadi leo lenzi nyingi zinazowekwa ni za umbali mmoja, kwa kawaida wa mbali. Kusoma, miwani. Zipo pia zinazogawanya mwanga ili mtu aone mbali na karibu, lakini baadhi ya watu huona duara za mwanga kwenye taa za magari usiku. Kwa mzazi anayeendesha daladala au bodaboda usiku, hilo si jambo dogo.

Zinazojirekebisha zimefika wapi?

Wabunifu wanataka lenzi inayoutii msuli, kwa sababu msuli wenyewe huendelea kufanya kazi hata uzeeni. Mwaka 2003 Marekani iliidhinisha Crystalens, lenzi yenye bawaba inayotarajiwa kusogea mbele msuli unapojikaza. Kwa wengi imesogea kidogo tu, na maandishi madogo bado yanadai miwani.

Wengine wamebuni lenzi yenye majimaji ya silikoni, kama FluidVision: jicho likitaka kuona karibu, majimaji husukumwa kutoka kingoni kwenda katikati na lenzi hutuna, karibu kama ile ya asili.

Kikwazo kikubwa ni kifuko. Baada ya upasuaji hufanya kovu, husinyaa na kukakamaa, hivyo msuli ukijikaza, lenzi haiitikii vizuri. Tena lenzi lazima ikunjwe ipite kwenye tundu la milimita chache, kisha idumu miongo bila kuvuja.

Mwanao je?

Hapa mzazi usipitwe. Watoto pia hupata mtoto wa jicho, wengine huzaliwa nao. Mtoto akitolewa lenzi, anapoteza uwezo wa kujirekebisha katika umri ambao wenzake wanao mwingi kuliko wote. Hata akiwekewa lenzi ya bandia, mara nyingi atahitaji miwani, ikiwamo ya kuona karibu, na huenda akazibwa jicho zima kwa saa kadhaa ili lile dhaifu lifanye kazi.

Sababu ni kwamba ubongo wake bado unajifunza kuona. Jicho linaloleta picha yenye ukungu, ubongo hulizoea kulipuuza, na baadaye ni vigumu kulirudisha. Jicho pia linakua, hivyo miwani hubadilika. Upasuaji mzuri unaweza kupotea bure kwa sababu ya kliniki zilizorukwa.

Ukiona weupe ndani ya mboni ya mwanao, au picha za flashi zinaonyesha jicho moja jeupe, usingoje likizo wala dawa ya matone kutoka duka la jirani. Mpeleke hospitali yenye daktari wa macho mara moja. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, na unaweza pia kuwa saratani ya jicho.

Muulize daktari kabla ya upasuaji

Lenzi hii itaona mbali au karibu? Miwani itahitajika kwa kazi zipi? Je, usiku itasumbua? Gharama ya miwani imo au iko pembeni? Kliniki ya marudio ni lini?

Majibu hayo mwambie mzee mapema, ili siku ya kufunguliwa jicho asijione ameibiwa.