Simba wa Fedha na Ushahidi wa Kipimo

Mnunuzi wa kijiko cha kale cha Uholanzi hutazama kwanza alama ndogo zilizogongwa juu ya mpini. Kuanzia mwaka 1814 hadi 1953, simba mwenye tarakimu 1 alionyesha kuwa sehemu 934 katika 1000 ni fedha halisi. Mwenye tarakimu 2 alionyesha sehemu 833. Herufi iliyo katika kofia ya chuma ya Minerva hutaja ofisi iliyopima. Herufi nyingine hutaja mwaka.

Hata hivyo, ni kosa kuiamini chapa peke yake. Katika karne ya 19 mafundi wa Hanau, Ujerumani, waligonga juu ya vyombo vipya alama zilizoiga zile za kale. Thamani ya simba hutokana na kazi ya mpimaji: huyeyusha kipande cha fedha pamoja na risasi katika kikombe cha majivu ya mifupa, risasi na shaba huungana na oksijeni na kufyonzwa, fedha ikabaki ipimwe kwa mizani.

Basi mwanafunzi na afundishwe kuuliza: ni nani aliyepima, na kwa njia gani? Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Imani ya umma katika chapa nayo imeundwa, na kilichoiunda ni kipimo.