Viatu vya Watoto Wetu na Jasho la Waja

Baada ya kumhimidi Mola wetu na kumsalia Mtume wake, twawaarifu kina mama na kina baba wasomaji wetu kwamba Ijumaa iliyopita hatukuwa pwani. Tulialikwa nikahi mjini Thika, na usiku tukalala Ruiru kwa binti wa dada yetu. Kijana wake wa miaka kumi na mitatu ndiye aliyetusindikiza.

Tulipotoka msikitini, ukanda wa kubadhi letu ulikatika. Karibu na kituo cha matatu tulimkuta fundi viatu ameketi juu ya kigoda, mbele yake zimepangwa raba kuukuu, nyingi zina alama ile inayofanana na vema ya mwalimu wa hesabu. Alitaka shilingi mia. Tulibishana naye hata akakubali hamsini, nasi tukaondoka tukijiona tumefaulu.

Usiku ule kijana akaanza kumlilia mamake anunuliwe raba zenye alama hiyo. Mamake akatugeukia: “Mjomba, mkanye huyu. Si hao ndio walioandika jina la Mwenyezi Mungu kwenye viatu?”

Tuliwasimulia habari yenyewe, nanyi twawasimulia. Kampuni hiyo ya Marekani iliasisiwa mwaka 1964 na Phil Knight pamoja na Bill Bowerman, aliyekuwa mwalimu wa mbio katika chuo kikuu cha Oregon. Mwanzo waliuza viatu vilivyotoka Japani. Mwaka 1971 wakajiita Nike, jina ambalo Wayunani wa kale walimpa mungu wao wa ushindi, na ile alama wakachorewa na mwanafunzi kwa dola 35. Leo yavaliwa duniani kote. Eliud Kipchoge alikuwa na viatu vya kampuni hiyo alipokimbia masafa ya marathoni kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Ama lile la jina tukufu, lilitokea mwaka 1997. Neno la Kiingereza lenye maana ya hewa lilichorwa mfano wa ndimi za moto, nalo likafanana na jina la Allah kwa herufi za Kiarabu. Waislamu wa Marekani wakalalamika. Kampuni ikaomba radhi, ikaondoa sokoni jozi 38,000, na ikaahidi kujenga viwanja vya michezo ya watoto katika shule za Kiislamu. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2017, ikatoa hijabu ya kuchezea michezo.

Ghadhabu ile ilikuwa ya haki. Lakini miaka hiyo hiyo palikuwa na kilio kingine, nacho hatukukisikia sana katika mabaraza yetu. Kampuni hiyo haishoni viatu vyake yenyewe. Huwapa kazi wenye viwanda katika nchi za mbali. Kule Indonesia na Vietnam wengi wa washonaji walikuwa wasichana, nao walilalamikia ujira duni, saa nyingi za kazi na matusi ya wasimamizi. Mwaka 1996 jarida moja la Marekani lilichapisha picha ya mtoto wa Pakistani akishona mpira wenye alama ile ile. Mwezi Mei 1998, Knight mwenyewe alikiri hadharani kwamba bidhaa zake zimekuwa mfano wa ujira wa kitumwa na kazi za ziada za kulazimishwa. Aliahidi kutoajiri walio chini ya miaka 18 katika viwanda vya viatu. Mwaka 2005 kampuni ikatangaza majina ya viwanda vyake, zaidi ya 700.

Basi tukamwambia kijana: Indonesia na Pakistani ni nchi za Waislamu. Aliyeona jina la Mola wake limekaribia kukanyagwa akaghadhibika, na amghadhibikie pia anayemkanyaga mja wa Mola huyo. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, ameamrisha kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu: “Babu, na yule fundi wa Thika?”

Wasomaji wetu, hatukuwa na jawabu. Tulikuwa tumemhukumu tajiri wa Oregon, na hamsini ya maskini ikingali mfukoni mwetu.

Asubuhi tulipanda matatu kurudi Thika, na nauli ilishinda deni. Fundi hatukumkuta. Tulimwachia hamsini yake mama anayeuza chai pale jirani, tukamwomba atufikishie na samahani.

Kununua raba si haramu, na mzazi mwenye uwezo na amnunulie mwanawe, mradi asinunue za bandia akawauzia wenziwe kwa jina la asili, kwani hiyo ni ghushi. Lakini tuanze na majumba yetu. Yule binti anayetufulia na kutupikia, mshahara wake wa mwezi uliopita umetimia? Fundi cherehani aliyetushonea nguo za Idi amemaliziwa? Mabinti zetu wanaorauka alfajiri kwenda viwanda vya nguo vya Mombasa twawaombea ujira wa haki. Na anayetutumikia jikoni naye ana mamake anayemwombea vivyo hivyo.

Mwezi haujesha. Anayedaiwa na alipe. Wabillahi tawfiq.