Si kila chuma chenye kutu ni cha Mjerumani!

Wiki hii tuyaache mapenzi kidogo, tuongelee chuma. Msinune!

Mwenzenu nimerithi sanduku la marehemu babu, mzaa mama, aliyekuwa seremala hapa Ngamiani. Chini ya randa na patasi nikakuta klampu: lile bapa refu la chuma lenye matundu, linalobana mbao mpaka gundi ikauke. Kutu tupu! Halafu haijatimia: pini ya kushikilia taya la nyuma haipo, na kijiti cha kuzungushia skrubu nacho hakipo.

Mdogo wangu macho yakamtoka. "Kaka, hii ya Mjerumani! Kuna mtu atatupa hela ya maana."

Si mnatujua watu wa Tanga? Kwa kuwa Mjerumani ndiye aliyeanza kujenga reli hapa mwaka 1893, basi kila chuma kikuukuu ni chake, na ukichimba pembeni utakuta rupia!

Nikasema subiri. Nikaloweka kile kichwa kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikasugua kwa brashi ya waya. Herufi zikajitokeza: RECORD, na namba 135. Pembeni mabaki ya rangi ya bluu. Kwisha kazi! Hiyo ni ya C. & J. Hampton wa Sheffield, Uingereza. Na Mjerumani alishaondolewa Tanga tangu Julai 1916. Nikaisuuza, nikaikausha na kuipaka mafuta haraka, maana upepo wetu wa bahari haumsubiri mtu.

"Kwani mnunuzi angejua?" dogo akanung'unika.

"Babu angejua," nikamjibu. Akaninunia siku mbili.

Nikaenda kwa mjomba, naye seremala. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. He! Klampu ya baba hiyo?" Akaishika kama mtu aliyepokea mtoto. Kisha akanikanya: "Usije ukachomeka nondo."

Kumbe ana hoja. Matundu ya Mwingereza ni ya inchi, nondo zetu ni za milimita. Tundu la 3/8 ya inchi ni kama milimita 9.5: nondo ya 8 inacheza, ya 10 haipiti. Pini ikicheza, taya linakaa upande, na ukikaza sana linaweza kukuchomokea. Dawa ni kupima tundu, kisha kumpelekea fundi wa kukereza vyuma akutolee pini laini inayokaa sawasawa. Kijiti nacho ni hapo hapo. Taya lenyewe usilikimbizie kwenye kuchomelea ovyo, maana chuma cha kusubu hupasuka.

Leo klampu ya babu imebana fremu ya mlango wa mvule kwa mjomba, na anayeikaza ni yule yule dogo aliyetaka kuiuza.

Nawe unayetaka kumpimia mtu wa skrepa sanduku la babu yako kwa kilo, sugua kwanza, usome. Tukutane wiki ijayo, Inshallah!