Kukaa si cheo

Wasee, tuongee ukweli. Hapa Diff kijana akipata kazi ya kukaa, familia nzima inashukuru. Ameacha jua, ameacha kufuata ngamia, sasa ako kwa kiti nyuma ya kaunta. Hooyo anaomba dua, abti anaanza kumwita bosi. Hakuna anayeuliza hicho kiti kinamfanyia nini.

Mimi niliacha chuo na naishi kwa simu: narekodi, naediti, napost. Kwa hivyo nikisema wakala wa M-Pesa, karani na mwenye duka la nguo, nijumlishe na mimi.

Mwaka wa 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Dereva na kondakta, basi ni moja. Dereva anakaa siku nzima. Kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa akikusanya nauli. Madereva ndio waliougua moyo zaidi. Baadaye ilionekana madereva walianza kazi wakiwa tayari wanene kuliko makondakta, kwa hivyo kiti si kila kitu. Lakini tangu hapo swali halijafa.

Mwaka wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na apunguze kukaa. Piga hesabu: nusu saa, siku tano. Gym ya nini?

Najua mtasema joto. Sawa, saa saba mchana hakuna anayekutuma utembee. Lakini baada ya Fajr kuna ubaridi, na baada ya Asr jua limelegea. Msikiti ni dakika kumi kwa miguu na wewe unaita boda? Tembea, bana.

Na dada zetu? Msichana akitoka jioni na raba, maswali yanaanza: anaenda wapi, anakutana na nani. Halafu tunashangaa kina mama wana presha na sukari. Tuwaache watembee bila kuhojiwa.

Ushauri huu si wa kila mtu. Mbeba magunia na mama wa mitungi ya maji wamesogea vya kutosha. Hao wanahitaji kupumzika. Ninaongea na mabosi wa kaunta: mfanyakazi akisimama kunyoosha mgongo, usimwite mvivu. Wengine wanajinyima maji kwa joto hili ili wasifunge duka kwenda choo. Hiyo si bidii, ni kujiumiza kwa pesa ya mtu mwingine.

Ukizidiwa, hospitali kubwa iko Wajir, na hiyo barabara mnaijua mvua ikinyesha. Afadhali kusimama sasa.

Niambie hapo chini: bosi wako anakuruhusu kusimama?