Miaka ya Kuzaliwa na Miaka ya Kukaa

Tangu Oktoba 2025, Paul Biya alipotangazwa mshindi wa urais wa Kamerun akiwa na umri wa miaka 92, imepata nguvu mpya ile hoja ya zamani: kwamba katiba za Afrika ziweke ukomo wa umri, na kila aliyevuka miaka 75, au hata 70, asiruhusiwe tena kugombea. Hoja yenyewe ina mvuto. Husemwa kwa pumzi moja, huwafurahisha vijana, na hapana mwenye babu asiyejua jinsi macho yapungukiwavyo na nuru na masikio yakaanza kuchagua ya kusikia. Pamoja na hayo, ni hoja iliyobisha mlango wa jirani. Inahesabu miaka ya kuzaliwa, ilhali anayetafutwa yumo katika miaka ya kukaa.

Na ihesabiwe hiyo miaka. Biya hakuingia Ikulu akiwa mkongwe. Aliingia Novemba 1982, umri wake miaka 49. Robert Mugabe alikuwa na miaka 56 Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, na wakati jeshi lake lilipomng'oa, Novemba 2017, alikuwa na 93. Yoweri Museveni alikula kiapo Januari 1986, angali na miaka 41. Lau ukomo wa miaka 75 ungekuwapo katika nchi zote tatu, na lau ungeheshimiwa, Biya angetawala miaka 25 kabla haujamgusa, Mugabe 19, Museveni zaidi ya 30. Hiyo ndiyo dawa inayopigiwa debe. (Wala tarakimu ya umri si ya kuaminiwa sana: mwaka aliozaliwa Kamuzu Banda wa Malawi una mabishano hadi leo, na kilichomtoa mwaka 1994 ni kura, si cheti cha kuzaliwa.)

Uganda ndiko dawa hii ilikojaribiwa, na yafaa kisa chake kisomwe kwa mpangilio wake. Katiba ya 1995 ilitia makufuli mawili: vipindi viwili vya urais, na umri usiopungua miaka 35 wala kuzidi 75. Mwaka 2005 likavunjwa la vipindi. Wengi walinung'unika, kisha wakajiliwaza kwamba la pili lipo, na kwamba wakati, ambao haupokei rushwa, utaifanya kazi iliyowashinda wanadamu. Wakangoja miaka 12. Septemba 2017 wabunge wakarushiana viti ukumbini. Desemba mwaka huohuo wakapiga kura, 317 dhidi ya 97, na kufuli la pili likaanguka. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikalibariki jambo hilo, majaji wanne kwa watatu, na mwaka 2021 Museveni akagombea akiwa amevuka miaka 75. Basi ukomo wa umri haukumzuia aliyekusudiwa. Ulichofanya ni kuwalaza watu usingizi katika miaka ile ambayo walipaswa kuwa macho.

Tazama sasa ambao ungewazuia. Nelson Mandela alishika urais Mei 1994 akiwa na miaka 75, baada ya kifungo cha miaka 27. Uchaguzi ule ungecheleweshwa miezi michache tu, hadi akatimiza 76, sheria ya Kampala ingemrudisha nyumbani. Akatawala kipindi kimoja, akaondoka 1999. Mwai Kibaki alichaguliwa 2002 akiwa na 71; wanaotaka kipimo cha miaka 70 wangemfungia nje. Na hapa Visiwani, Maalim Seif Sharif Hamad aligombea urais wa Zanzibar mara sita, kuanzia 1995 akiwa na miaka 52 hadi 2020 akiwa na 77. Waliompenda na waliompinga wana yao ya kusema juu ya chaguzi zile. Lakini ni uadilifu gani wa kumwambia mtu, baada ya robo karne ya kungoja mlangoni, kwamba sasa kosa lake ni kuzeeka? Ukomo wa vipindi humtoa aliyekwisha kula zamu yake. Ukomo wa umri humtoa hata asiyewahi kuionja.

Visiwa hivi vina ushahidi mwingine. Mwaka 2000 palivuma mpango wa kubadilisha katiba ili Dk. Salmin Amour aongezewe kipindi cha tatu. Hakuwa amefika miaka 60. Hakuna ukomo wa umri duniani ambao ungemsimamisha. Kilichomsimamisha ni vipindi viwili, na watu waliokataa kuvigusa.

Wapo wanaoijibu hoja ya umri kwa methali: penye wazee haliharibiki neno. Jawabu hilo nalo ni dhaifu, na wapenzi wa lugha wasione haya kulikataa. Methali imesema penye wazee. Haikusema wanapokalia kiti. Mzee wa methali ni wa barazani, husikiliza pande mbili, hunena mwisho, kisha huchukua bakora yake akaenda zake, ufunguo wa hazina akauacha. Mtawala anayejifunika joho la uzee ili asiulizwe amevaa nguo ya wenyewe. Kiswahili kilikuwa na kujiuzulu, chenye harufu ya lawama, na kustaafu, neno la makarani na pensheni. Neno la kuondoka kitini kwa hiari na kwa heshima kililikopa kutoka Kizanaki, kung'atuka, na aliyelieneza ni Mwalimu Nyerere, aliyeacha urais 1985 akiwa na miaka 63. Naye, haki isemwe, alikuwa amekaa takriban miaka 23.

Hoja nzito ya wapenda ukomo wa umri ni kwamba Katiba ya Tanzania humtaka mgombea urais awe ametimiza miaka 40. Ikiwa sheria hufunga mlango wa chini, kwa nini isifunge wa juu? Kwa sababu wa chini hujifungua wenyewe. Mwenye miaka 39 hungoja mwaka akapita. Wa juu ukishafungwa haufunguki. Maradhi nayo hayaulizi mwaka wa kuzaliwa. Oktoba 2024 serikali ya Kamerun ilivikataza vyombo vya habari kuzungumzia afya ya Rais, na penye amri kama hiyo tarakimu ya katiba haimfai mtu. Tanzania ina ibara ya 37, inayoliwezesha Baraza la Mawaziri kumwomba Jaji Mkuu aunde bodi ya utabibu kumpima Rais. Njia hiyo ina ila yake, kwani mawaziri huteuliwa na mpimwaji mwenyewe. Lakini ila hiyo yatengenezeka.

Kinachostahiki kudaiwa ni kifungu cha vipindi viwili, vimefuatana au havikufuatana, ambacho Bunge peke yake halitaweza kukigusa hata kwa theluthi mbili, ila kwa kura ya wananchi wote, na badiliko lisimhusu aliyeko kitini siku linapopitishwa. Waganda hawakupewa kinga hiyo. Julai 2005 waliitwa kwenye kura ya maoni, wakaulizwa juu ya vyama vingi. Juu ya vipindi vya urais, vilivyoondolewa mwaka uleule, hawakuulizwa neno.